Bomba jipya la Prado: shajara ya majuma manane, Tabata

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mwanangu wa pili, wa miaka sita, amelalamika kichwa mara tatu mwezi huu, na mara zote tatu tulikuwa kwenye foleni ya Buguruni, vioo vimefungwa kwa ajili ya AC. Mama yake alisema ni jua. Mimi nilisema ni njaa. Leo asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, nilifungua boneti, nikamwomba mke wangu awashe, nikapeleka kiganja karibu na manifodi ya ekzosi, kile chuma kinachokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye bomba, upande wa nyuma. Kwa dakika moja hivi nilihisi pumzi ikinipiga kiganjani: puf, puf, puf. Injini ilipopata moto pumzi ikakoma, maana chuma kikitanuka kinajiziba chenyewe. Fundi aliyelikagua mwezi Aprili hakuona kitu kwa sababu nilimfikishia gari likiwa la moto. Ukitafuta moshi unaovuja kwenye manifodi, gari lilale kwanza.

Dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, lakini kidogo hicho kikiingia kwenye boksi lililofungwa, lenye mtoto ndani, hakivumiliki. Nimesimamisha safari za watoto kwenye gari hili kuanzia leo.

Gari ni Toyota Land Cruiser Prado, KZJ95, ya mwaka 1999. Injini 1KZ-TE, dizeli yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini), silinda 4, cc 2982. Walio nayo wanajua ugonjwa wake: silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, hupasuka joto likizidi. Sasa fikiria bomba lililobana nyuma ya turbo. Moshi wa moto haupati njia ya kutoka haraka, unajazana, turbo inasukuma kwa taabu, na joto linabaki palepale ulipo ugonjwa. Kwa hiyo sitaki kuziba tundu tu. Nataka kubadili mfumo wote wa ekzosi, kuanzia chini ya turbo hadi mkiani, kwa shabaha tatu: moshi usiingie ndani, joto la moshi lishuke, sauti isipande. Hiyo ya tatu nina sababu nayo. Naondoka saa kumi na moja alfajiri, na dirisha la chumba cha bibi wa jirani liko hatua nne kutoka ninapoegesha. Bibi ana presha.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala chini ya gari asubuhi nzima. Kijana wa pancha pale kona aliniazima kompresa yake. Nikachomeka mpira kwenye mkia wa ekzosi, nikazungushia matambara mabichi, kisha nikapaka maji ya sabuni ya unga kwa brashi ya rangi kila palipoungwa. Mapovu yalitoka sehemu tatu: kwenye flenji (pete ya kuungia bomba kwa nati) ya nyuma ya masega (chombo cha kusafisha moshi), kwenye mshono wa chini wa sailensa, na pale bomba linaporuka juu ya ekseli. Nilipoigonga sailensa kwa mpini wa nyundo, magamba ya kutu yakachezacheza ndani kama choroko kwenye debe.

Kutu hii imeanzia ndani. Lita moja ya dizeli ikiungua hutengeneza maji karibu lita moja, kwa kuwa haidrojeni ya kwenye mafuta inaungana na oksijeni ya hewani. Ukienda Chalinze bila kusimama, maji hayo yanatoka yote yakiwa mvuke. Lakini mimi nakwenda Kigamboni na kurudi, na nusu ya safari gari limesimama linanguruma. Sailensa ya nyuma haipati moto wa kutosha, mvuke unageuka maji, maji yanatuama kwenye tumbo la sailensa hadi kesho. Nje nako kuna upepo wa chumvi kila siku. Chuma chochote kingesalimu amri.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya manifodi. Nimelipeleka gari kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni mwembe na turubai, na ambaye simjui mtu wa kumzidi kwa mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Umeleta hospitali au umeleta mochwari?"

Nilimwambia hospitali. Akacheka, akaanza na stadi, zile boliti zisizo na kichwa zinazoishika manifodi. Zote zilitoka isipokuwa moja, ya mwisho kabisa kwa nyuma, ileile niliyokuwa nahisi pumzi yake. Ilikatika, ikabaki imechomoza kama milimita 3 tu juu ya hedi.

Hapa nataka kuandika kwa kirefu, maana ni hatua ambayo watu wengi wanaharibikiwa hedi. Kijana wake alishaanza kutafuta dili ya kutobolea. Mzee akamzuia: hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu, na stadi ni chuma kigumu, dili ikiteleza inakula aluminiamu kwanza. Badala yake alichukua nati, akaiweka juu ya kile kisiki, akachomelea kwa ndani ya tundu la nati. Alichomelea ndani ya nati tu, moto haukugusa aluminiamu, kwa hiyo hedi haikudhurika. Nati ikiwa bado nyekundu alisubiri ipoe mpaka ikageuka kijivu, kisha akagusisha mshumaa kwenye shina la stadi. Mshumaa uliyeyuka na kunyonywa ndani ya uzi, ukaonekana kabisa ukizama kama maji kwenye mchanga. Halafu spana, taratibu: robo mbele, robo nyuma, tena mbele. Nati ya kwanza ilibanduka. Ya pili pia. Ya tatu ilishika, na baada ya kama dakika kumi za kwenda na kurudi, kisiki kikatoka kizima, kimeng'aa kwa nta. Sikujua kama nilikuwa nimeshika pumzi mpaka nilipoiachia.

Manifodi ilikuwa imepinda kidogo. Rula ya chuma ilipita na mwanga ukaonekana chini yake katikati. Imepelekwa kukerezwa isawazike. Kabla haijarudishwa imetobolewa tundu la kipima joto, upande wa kabla ya turbo. Tundu hili litobolewe manifodi ikiwa imetolewa. Magurudumu ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na chembe moja ya chuma ikipita hapo utanunua turbo nyingine.

Gasketi mpya, stadi mpya. Kuvuja kwa manifodi kumekwisha. Bomba la zamani nimeliacha makusudi.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeliacha ili nipime kwanza. Mtu akibadili bomba bila kuwa na kipimo cha nyuma, atabaki kusema "linavuta vizuri", na maneno hayo kila mtu huyasema akishalipa.

Nilipakia mifuko 4 ya saruji, kilo 200, AC imewashwa, nikatoka saa moja asubuhi kupitia Barabara ya Nyerere, Gongo la Mboto, hadi Pugu. Kipande cha kupanda kuelekea Kisarawe nilikipanda mara tatu kwa gia ya 3, mguu ukiwa palepale. Joto la juu kabisa la moshi kabla ya turbo: nyuzi 668, 675, 671. Wenye dizeli za aina hii hawapendi kukaa karibu na 700 kwa muda mrefu. Na mimi sikuwa nimefunga tela, wala mlima wenyewe si mrefu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nafanya jambo la lazima.

Jumamosi, 5 Julai

Eneo la Gerezani, kununua bomba.

Muuzaji wa kwanza alinionyesha bomba la mabati la maji. "Hili kaka halishiki kutu maisha." Kwa maji ni kweli. Kwa ekzosi ni hatari, na hatari hiyo haimwangukii mwenye gari, inamwangukia anayechomelea. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye 907, na moto wa kuchomelea unapita hapo mbali sana. Zinki inageuka moshi mweupe, fundi anauvuta, na usiku anatetemeka kwa homa inayofanana na malaria. Vijana wetu wameambiwa wanywe maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi ule umekwenda mapafuni. Siwezi kumpa mtu bomba hilo achomelee kwa ajili yangu.

Muuzaji wa pili alikuwa na stenlesi. Nilikuwa na sumaku ya spika mfukoni, nikaijaribu: haikushika. Lakini sumaku peke yake haitoshi. Stenlesi ya daraja la 304 haishiki sumaku, na ya 201, ambayo ni rahisi na hutumika sana kwenye mageti na vizuizi vya ngazi, nayo haishiki. Tofauti utaiona baadaye, kutu ikishaanza. Nilichokifanya ni kutafuta bomba lenye maandishi ya daraja na unene yaliyochapwa mwilini. La ngazi mara nyingi ni jembamba, milimita 1 au chini yake. Nimepata 304, milimita 1.5, kipande cha mita 6, na kona 5 zilizokwisha kupindwa.

Upana: inchi 2.5. Kila niliyemuuliza aliniambia 3. Nimepima bomba la zamani, tundu lake la ndani ni milimita 48. La inchi 2.5 lenye unene huu lina tundu la milimita 60.5. Ukipiga hesabu ya eneo, njia ya moshi inaongezeka kwa karibu asilimia 59. Injini yangu sijaigusa, pampu haijaongezwa mafuta, turbo ni ileile. La inchi 3 lingelazimika kupenya kati ya ekseli na sakafu ya gari pale pasipo na nafasi, na ekseli ya Prado inapanda sana kwenye mashimo. Nimechagua linaloenea.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, gereji nyingi zimefungwa, lakini mzee alikuwepo tukazungumza habari ya masega. Kijana wake alisema, kama wanavyosema wote mjini, "Toa masega gari ipumue." Na ndani ya masega kuna madini ya thamani, kwa hiyo mnunuzi hakosekani.

Nimekataa. Masega ya dizeli huibadili kaboni monoksaidi na mafuta yasiyoungua kuwa hewa ya ukaa na maji. Nikiyatoa, hewa ile iliyompa mwanangu kichwa itakwenda kwa watoto wa wenzangu wanaosubiri daladala pembeni mwa Barabara ya Mandela, tena kwenye usawa wa pua zao. Tumeyafungua, tumemulika kwa tochi: vitundu viko wazi, hayajavunjika. Yanabaki. Nimemwomba mzee aweke flenji pande zote mbili ili niweze kuyatoa kuyakagua.

Jumapili, 13 Julai

Kazi ya siku mbili, jana na leo.

Jana asubuhi nilimkuta mzee akipinda bomba la chuma cheusi la Fuso ya mteja mwingine. Bomba limejazwa mchanga mkavu, limegongwagongwa mpaka mchanga umeshuka, ncha zimezibwa kwa vigingi vya mti. Analipasha moto, analipinda juu ya goti la chuma, na mchanga unazuia lisibonyee. Mchanga ulikuwa umekaangwa kwanza kwenye karai. "Mchanga mbichi ni bomu, baba," aliniambia. Maji yakigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, kigingi kinaruka kama risasi. Kwa stenlesi yetu nyembamba hakutaka kujaribu, ndiyo maana tulinunua kona.

Betri ilitolewa nyaya kabla ya kuchomelea chochote, kwa sababu pampu ya 1KZ-TE inaongozwa na kompyuta. Mzee alipima, akakata, akashikiza kwa nukta za moto bomba likiwa mahali pake chini ya gari. Kisha tukalishusha lote, likapelekwa kwa kijana mwenye mashine ya agoni, gesi inayozuia hewa isifike kwenye mshono. Huyu ni fundi kweli. Alifunga ncha kwa karatasi na selotepu, akapitisha agoni ndani ya bomba pia, siyo nje tu. Stenlesi ikichomelewa ndani pakiwa na hewa ya kawaida, upande wa ndani wa mshono unachachamaa mweusi kama sukari iliyoungua, na hapo ndipo nyufa huanzia. Nilichungulia ndani kwa tochi: mshono laini, rangi ya majani makavu.

Sailensa ni ya mtumba kutoka Ilala, ya moja kwa moja, safi. Jioni tukawasha. Kiganja juu ya kila flenji: hakuna pumzi. Ila sauti ni nzito kuliko nilivyotaka, na kati ya mizunguko ya injini 1,900 na 2,100 kwa dakika sakafu nzima inavuma. Programu ya simu ilisoma desibeli 71 ndani ya gari siku ya bomba la zamani. Leo 77 kwa mzunguko uleule wa 2,000. Shabaha ya tatu bado.

Jumatano, 16 Julai

Nikirudi kutoka Kigamboni, juu ya Daraja la Nyerere, nikasikia tok, tok, tok chini ya miguu kila ninapoachia mafuta. Nikaingia nalo hadi Tabata. Alfajiri nimewasha: kimya kabisa.

Jumamosi, 19 Julai

Tumeligundua. Kwenye ukingo wa boriti ya katikati ya chesisi kuna mkwaruzo mpya unaong'aa, na kwenye bomba kuna alama inayolingana nao. Gari likiwa baridi nafasi iliyopo hapo inatosha kupitisha kidole. Likiwa moto, hakuna.

Kosa ni langu kama lilivyo la mzee, tulipima vyote kwa ubaridi. Stenlesi ya 304 hutanuka takriban sehemu 17 kati ya milioni kwa kila nyuzi moja. Chuma cha kawaida ni 12 tu. Bomba letu ni kama mita 3 kutoka flenji ya mbele hadi mkono wa nyuma uliolishika. Likipata moto wa wastani wa nyuzi 200 zaidi ya hali ya hewa, linarefuka kwa sentimita 1. Bomba la zamani la chuma lingerefuka milimita 7 na lilikuwa na raba zilizokwisha kulegea, kwa hiyo halikulalamika. Jipya tulilining'iniza kwa raba mpya ngumu na hatukuliwekea kiungo cha kucheza, kwa kuwa nilitaka kupunguza gharama. Lilipokosa pa kwenda mbele wala nyuma, likapinda kuelekea boriti.

Tumekata bomba nyuma kidogo ya flenji ya mbele, tukaweka kipande cha fleksi chenye mikunjo. Mkono mmoja wa raba tumeusogeza nyuma, na pembeni mwa boriti tumeacha nafasi ya vidole viwili. Mzee alisema sentensi moja nimeiandika kama ilivyo: "Bomba linakua kila siku asubuhi, baba, liachie pa kukulia."

Kuhusu mvumo: injini ya silinda 4 huwaka mara 2 kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 2,000 ni mapigo kama 67 kwa sekunde. Kuna njia ya kuua mvumo kwa tawi la bomba lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi. Kwa moshi wa nyuzi 200 sauti husafiri kama mita 436 kwa sekunde, na robo ya wimbi inatoka mita 1.6. Chini ya Prado sina pa kuificha mita 1.6 ya bomba. Tumeweka resonata ndogo ya mtumba, chombo cha kukata mvumo, kabla ya sailensa. Na sehemu ya mvumo naamini ilikuwa ni lile bomba kugusa boriti, maana baada ya fleksi peke yake, kabla ya resonata, simu ilisoma 74. Baada ya resonata, 72.

Jumamosi, 26 Julai

Pugu tena. Mifuko 4 ya saruji, saa ileile, gia ileile, AC ileile. Nyuzi 604, 611, 600.

Wastani wa mwanzo ulikuwa 671, sasa 605. Gasketi ya manifodi ilishabadilishwa kabla ya kipimo cha kwanza, kwa hiyo nyuzi hizi 66 ni za bomba na sailensa tu, masega yakiwa mahali pake. Nilisimama juu Kisarawe nikazima gari, nikakaa kwenye kivuli cha mkorosho nikiwa na furaha ya mtu aliyepona. Gari linachanganya mapema kidogo kwenye gia ya 2. Mafuta sijaona tofauti ninayoweza kuiapia.

Nikirudi nilipita kwa mzee nikamwonyesha karatasi ya vipimo. Aliisoma yote, akauliza kama anaweza kubaki nayo.

Jumamosi, 9 Agosti

Kilomita 500 na ushee tangu fleksi. Nimerudia maji ya sabuni, gari likiwa baridi: hakuna povu hata moja. Nati mbili za flenji ya mbele zilikubali robo mzunguko, zilizobaki zimekaza. Kwenye mshono mmoja, juu ya ekseli, kuna rangi ya kahawia iliyotoka kwa kidole. Ni kutu ya brashi ya chuma cheusi iliyotumika kusafishia, chembe zake zilibaki juu ya stenlesi. Nimesugua kwa brashi ya stenlesi, nitaiangalia tena mwezi ujao.

Gharama yote, pamoja na kipima joto, gasketi na ufundi: Sh 1,075,000.

Leo mwanangu alipanda kwa mara ya kwanza tangu Juni. Tulikwenda hadi Magogoni, tukapanga foleni ya pantoni vioo vikiwa vimefungwa, dakika arobaini. Nilimuuliza kichwa mara mbili. Mara ya pili alinijibu, "Baba, nimeshakwambia," akaendelea kuhesabu boti.

Kilichobaki: kinga ya joto ya turbo ina ufa, na mwezi Desemba nitafungua flenji kuyakagua masega.